Kuuza zote, kupunguza au kushikilia: hisa za bayoteknolojia kwa mjomba wa Mtwara na mpwa wake

Hisa ya benki au ya kiwanda cha saruji inaweza kumaliza mwaka ikipanda na kushuka kidogo kidogo. Hisa ya kampuni ya bayoteknolojia, yaani inayobuni dawa mpya, inaweza kulala dola 40 ikaamka dola 12, bila mkurugenzi kukamatwa wala kiwanda kuungua. Yametangazwa tu matokeo ya majaribio ya dawa moja. Ndiyo maana swali la "niuze lini?" halijibiki hapa kwa mazoea ya hisa nyingine.

Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya aina hii. Wenye hisa hizi huku Mtwara na Lindi wamezipata kwa njia mbili. Wapo waliofungua akaunti kwa dalali wa nje kupitia simu. Na wapo ambao ndugu yao anafanya kazi maabara huko Boston au San Diego, sehemu ya malipo yake inakuja kwa hisa, na zikishakuwa nyingi anampigia mjomba kuomba ushauri. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, mjomba akiombwa ushauri wa mali na mpwa wake hakwepi, hata kama mali yenyewe iko New York.

Niseme mapema ninapoegemea. Kwa mtu ambaye fedha hiyo ina kazi nyingine nyumbani, kupunguza kabla ya siku ya matokeo mara nyingi kunashinda kuuza zote na kunashinda kushikilia zote. Shida ni kwamba wengi hupunguza kwa kigezo kibovu, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Umeshika nini hasa?

Kampuni zote hizi huitwa jina moja, lakini kuuza kwake hakufanani.

Ya kwanza ni kampuni ndogo isiyouza chochote bado. Ina dawa moja au mbili kwenye majaribio, ina fedha benki, na kila robo mwaka inazila. Hii ndiyo yenye siku za kufa na kupona. Ya pili ni kampuni kubwa yenye dawa sokoni na mapato ya kila siku, kama Gilead, Vertex, Amgen au Regeneron. Huku jaribio moja likifeli, nyumba haianguki. Ya tatu ni mfuko unaonunua makumi ya kampuni kwa pamoja. Mifuko miwili inayojulikana ni XBI, unaozipa kampuni zake uzito unaokaribiana, na IBB, ambao kampuni kubwa ndizo zinazotawala.

Mwenye mfuko asihangaike na tarehe za matokeo ya kampuni moja moja. Asidhani pia kwamba mfuko ni godoro: XBI ilipita dola 170 Februari 2021, na Mei 2022 ilikuwa chini ya 70. Yeye apunguze kwa kigezo cha fungu la mali yake, ambacho nitakifikia.

Kwa kampuni kubwa, sababu ya kuuza huja polepole, na mara nyingine inakuja na mafanikio yenyewe. Gilead walinunua kampuni ya Pharmasset kwa dola bilioni 11 katika mpango uliotangazwa Novemba 2011, wakapata dawa ya homa ya ini aina ya C, Sovaldi, iliyoidhinishwa Desemba 2013. Dawa ile inaponya. Mgonjwa anameza wiki kadhaa, amemaliza, harudi tena dukani. Mauzo ya dawa za aina hiyo kwa Gilead yalifika kileleni mwaka 2015, dola bilioni 19 hivi, na mwaka 2018 yalikuwa chini ya bilioni 4. Aliyekuwa anasoma ripoti za robo mwaka aliona wagonjwa wapya wanapungua kabla hisa hazijamaliza kushuka. Alikuwa na miezi ya kufikiri. Mwenye kampuni ndogo hapewi hata dakika.

Kwa hiyo kuanzia hapa nazungumzia zaidi kampuni ndogo.

Njia nne, hesabu moja

Tuseme una hisa 100. Ulinunua kwa dola 16 kila moja, leo bei ni dola 40. Wiki tatu zijazo kampuni itatangaza matokeo ya awamu ya tatu, ya mwisho, ya majaribio ya dawa yake. Yakiwa mazuri, bei itakwenda 70. Yakiwa mabaya, 12. Namba ni zangu za mfano, ila mruko wa namna hiyo ni wa kawaida kwenye sekta hii.

| Unachofanya kabla ya tangazo | Matokeo mazuri | Matokeo mabaya |
|---|---|---|
| Kuuza zote | dola 4,000 | dola 4,000 |
| Kuuza nusu | dola 5,500 | dola 2,600 |
| Kutoa mtaji tu (hisa 40) | dola 5,800 | dola 2,320 |
| Kushikilia zote | dola 7,000 | dola 1,200 |

Angalia mstari wa tatu, maana ndio unaopendwa kuliko yote. "Toa mtaji wako, acha faida icheze." Mtu akishatoa dola 1,600 zake anajiona hana cha kupoteza. Lakini hisa 60 zilizobaki ni dola 2,400 zako, halali kabisa, na zikishuka hadi 720 umepoteza dola 1,680. Ubaya mwingine ni kwamba idadi ya kuuza inaamuliwa na bei ya zamani. Mwenzako aliyenunua kwa dola 32 angelazimika kuuza hisa 80 ili kutoa mtaji. Aliyenunua kwa dola 4 angeuza 10 tu. Wote watatu mna hisa zilezile, kampuni ileile, mnangoja tangazo lile lile. Hatari iliyo mbele yenu ni moja, ila mmoja anauza karibu zote na mwingine karibu hauzi kitu. Hiyo haiwezi kuwa hesabu ya hatari. Ni njia ya kulala usingizi, na usingizi nao una thamani yake, ila tuite kwa jina lake.

Kigezo bora ni kujiuliza: nikiamka kesho bei ni 12, ni kitu gani nyumbani kitasimama? Kama jibu ni ada ya mtoto, au nyumba iliyofika usawa wa linta, basi kiasi cha kitu hicho kitoke kabla ya tangazo, chote. Kama jibu ni "hakuna", unaweza kushikilia zaidi ya nusu na hakuna wa kukulaumu.

Jambo jingine linalofichwa na bei ya 40: inatueleza soko linafikiri nini. Kama upande mmoja ni 70 na wa pili ni 12, bei ya 40 ina maana wanunuzi kwa jumla wanaona uwezekano wa kufaulu ni chini kidogo ya nusu. Wewe ukishikilia zote, unasema unajua zaidi yao. Labda unajua. Umejuaje?

Si kila tarehe ina uzito sawa

Dawa hupita awamu tatu za majaribio kwa binadamu, kisha maombi yanapelekwa kwa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA. Takwimu za chama cha sekta hiyo, BIO, kwa miaka ya 2011 hadi 2020, zinaonyesha hivi: dawa zilizovuka awamu ya kwanza zilikuwa asilimia 52, awamu ya pili, asilimia 28.9 tu, awamu ya tatu, asilimia 57.8, na zilizofika kwenye maombi na kupata kibali, asilimia 90.6. Ukichukua safari nzima, kutoka awamu ya kwanza hadi kibali, zinazofika hazizidi 8 kwa kila 100.

Kwa muuzaji, namba hizi zina maana kubwa kuliko mchoro wowote wa bei. Matokeo ya awamu ya pili ndiyo mtego mkuu, maana dawa inapimwa kwa mara ya kwanza kama kweli inatibu, na nyingi hazitibu. Kabla ya hapo mimi ningepunguza kwa mkono mzito. Kabla ya awamu ya tatu, nusu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Siku ya uamuzi wa FDA ndiyo inayowachanganya watu. Uwezekano wa kupita ni mkubwa, kwa hiyo wanashikilia zote. Lakini soko nalo linajua ni mkubwa, na limeshalipia. Kibali kikitoka bei inapanda kidogo, au haipandi. Maombi yakirudishwa inaanguka. Faida ndogo ya hakika dhidi ya hasara kubwa ya nadra. Kama ulikuwa na mpango wa kuuza sehemu hata hivyo, uza kabla ya siku hiyo, hasa kwa kuwa inajulikana mapema: FDA hujiwekea miezi 10 kwa maombi ya kawaida na miezi 6 kwa ya haraka, na kampuni huitangaza tarehe ya mwisho. Iandike kwenye kalenda ileile unayoandikia minada ya korosho.

Sasa upande wa pili, ili isionekane kwamba aliyeshikilia siku zote ni mjinga. Ijumaa moja ya Septemba 2020 hisa za kampuni ya Immunomedics zilifunga kwa dola 42.25. Jumapili Gilead wakatangaza kuinunua kwa dola 88 kwa kila hisa. Aliyeuza zote Ijumaa ile alikuwa na sababu zote nzuri duniani, na alikosa zaidi ya mara mbili. Hakuna kalenda inayokuonya juu ya mnunuzi mkubwa. Kwa sababu hiyo kuuza zote hakunivutii isipokuwa sababu yenyewe ya kumiliki imekufa, au unaihitaji fedha yote.

Agizo linalouza lenyewe, au kuuza kwa mkono wako?

Madalali wengi wanakuruhusu kuweka agizo: bei ikishuka hadi dola 34, uza. Kwa hisa za kawaida linasaidia. Kwa kampuni ya dawa ni mlango wa mianzi.

Tarehe 20 Machi 2019 hisa za Biogen zilifunga karibu dola 320. Asubuhi yake, kabla soko halijafunguliwa, kampuni ikasema inasimamisha majaribio ya dawa yake ya Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni), aducanumab, kwa kuwa hayaelekei kufaulu. Siku ile ilifunga karibu 227, pungufu ya asilimia 29. Mtu aliyeweka agizo la kuuza kwa dola 300 hakuuziwa kwa 300. Bei iliruka juu ya kichwa cha agizo lake na kutua chini. Na hiyo ni kampuni kubwa yenye dawa nyingine. Kwa ndogo ni mbaya zaidi.

Halafu kuna saa zetu. Marekani wakiwa kwenye saa zao za kiangazi, kuanzia Machi hadi mapema Novemba, soko la New York linafunguliwa saa kumi na nusu jioni ya huku na kufungwa saa tano usiku. Majira yao ya baridi ni saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa sita usiku. Taarifa za majaribio hutolewa sana kabla ya kufunguliwa, yaani kwetu ni saa nane au tisa mchana, muda ambao mwenye duka anahesabu mzigo na mwalimu yuko darasani. Unapofungua simu jioni, bei ya kwanza unayoiona tayari ni ile ya baada ya tangazo. Kwa hiyo kati ya agizo na mkono wako mwenyewe, ninachagua mkono, lakini mkono uliofanya kazi wiki moja kabla.

Mpwa na mjomba hawapo kwenye kiti kimoja

Ujumbe unakuja hivi: "Shikamoo mjomba. Zimefika 40, wenzangu hapa kazini wanasema tungoje 60." Mjomba anajibu, "Marahaba. Hiyo dawa yenu inaendeleaje?"

Swali hilo lisiulizwe. Mfanyakazi anayemwambia mtu wa nje habari za majaribio ambazo hazijatangazwa, na mtu huyo akanunua au kuuza kwa habari hizo, wote wawili wanaweza kushtakiwa kwa sheria za Marekani, na umbali wa Mtwara hauwi kinga. Muulize mpwa kuhusu afya yake na baridi ya huko. Habari za dawa zisome baada ya kutangazwa kwa kila mtu.

Zaidi ya hapo, mpwa ana hali ngumu kuliko yako. Mshahara wake, bima yake na hisa zake vinategemea dawa ileile. Jaribio likifeli, wiki moja anaweza kupoteza thamani ya hisa na kazi. Kwa hiyo kama mjomba na mpwa wana hisa sawa, mpwa ndiye anayepaswa kupunguza zaidi, ingawa yeye ndiye anayeiamini kampuni zaidi. Hisa anazopewa kama malipo hutozwa kodi Marekani siku zinapokuwa zake, kama mshahara. Akiziuza siku hiyohiyo, faida ya ziada ya kutozwa ni karibu hakuna. Akizishika, ni sawa na kulipwa taslimu kisha kwenda kununua hisa za mwajiri wake kwa bei ya siku hiyo. Ukimwuliza kama angefanya hivyo na fedha taslimu, mara nyingi anacheka.

Tofauti nyingine ni uhuru wa siku. Wewe unauza ukitaka. Yeye ana vipindi anavyoruhusiwa na kampuni na vipindi anavyofungiwa, na karibu na matokeo hufungiwa. Njia yake ni mpango wa mauzo wa mapema, ule wa kanuni ya 10b5-1: anaandika mapema kwamba hisa kadhaa ziuzwe tarehe fulani, kisha haingilii tena. Tangu 2023 mfanyakazi wa kawaida husubiri angalau siku 30 kati ya kuweka mpango na mauzo ya kwanza, na wakurugenzi na maofisa wakuu husubiri siku 90 au zaidi. Kwa hiyo ushauri wa "uza wiki moja kabla" ni wako, si wake. Wake ni "panga kabla hata tarehe haijakaribia".

Habari njema imeshatoka: uza, au sasa ndiyo kwanza?

Desemba 8, 2023, FDA iliidhinisha siku moja tiba mbili za kurekebisha vinasaba kwa ugonjwa wa selimundu: Casgevy ya Vertex na CRISPR Therapeutics, na Lyfgenia ya bluebird bio. Kwa nchi kama yetu, ambako selimundu inagusa familia nyingi, ilikuwa habari ya kushangilia. Mwenye hisa za bluebird hakushangilia. Zilianguka vibaya siku hiyohiyo. Lyfgenia ilikuja na bei ya dola milioni 3.1 dhidi ya milioni 2.2 ya Casgevy, ilikuja na onyo kali la saratani ya damu, na kampuni haikupata hati maalumu ya FDA ambayo ingeweza kuiuza ili ipate fedha. Hisa iliyokuwa zaidi ya dola 200 mwaka 2018 iliishia mwaka 2025 kampuni ikinunuliwa na wawekezaji binafsi kwa dola chache tu kwa hisa, tena baada ya kila hisa 20 kuunganishwa kuwa moja. Kampuni ilikuwa na tiba tatu zenye kibali, na wenye hisa karibu hawakubaki na kitu.

Watu wa kusini hili tumeliona kwa macho. Mwaka 2012 na 2013 habari za gesi zilipandisha bei za viwanja Mtwara mjini kabla ya kiwanda chochote kusimama. Bomba la Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, na mazungumzo ya mradi wa LNG (gesi iliyogeuzwa kimiminika) wa Likong'o, Lindi, yamekula zaidi ya miaka kumi. Aliyeuza kiwanja kimoja kati ya vitatu wakati simu zinapigwa kutoka Dar alilipwa fedha ya matarajio, na fedha ya matarajio inanunua bati kama nyingine yoyote.

Baada ya kibali, maswali yanabadilika. Nani atalipa? Bima zitakubali lini? Mshindani ni nani? Na hasa: kampuni ina fedha za miezi mingapi? Hili la mwisho unaweza kulipima mwenyewe kwa dakika tano. Ripoti ya robo mwaka inaonyesha fedha zilizopo na zilizotumika. Kama zipo dola milioni 180 na robo mwaka zinatumika milioni 45, zimebaki robo nne, mwaka mmoja. Kampuni ya namna hiyo ikipata habari njema asubuhi, jioni hutangaza kuuza hisa mpya, mara nyingi kwa punguzo, na fungu lako linapungua ukubwa. Kwa hiyo kampuni yenye fedha za miaka mitatu, naweza kuishikilia baada ya matokeo mazuri. Yenye fedha za mwaka mmoja, napunguza siku ya shangwe yenyewe, ndani ya saa ya kwanza ya soko kama niko macho.

Habari mbaya imetoka: ukimbie, au ungoje irudi?

"Nitauza ikirudi bei niliyonunulia." Bei uliyonunulia mnaijua wewe na dalali wako tu. Soko haliijui na halina deni nayo.

Sarepta Therapeutics ilikuwa karibu dola 100 katikati ya Machi 2025. Ikatangazwa kwamba mgonjwa aliyepewa tiba yake ya vinasaba, Elevidys, amefariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Hisa zikashuka asilimia 27 siku moja. Aliyesema "irudi 100 niuze" alikutana na kifo cha pili kilichotangazwa Juni, na anguko jingine la zaidi ya asilimia 40. Julai zikashuka tena, zikawa chini ya dola 20. Ubaya wa habari za usalama ni kwamba hazina tarehe na mara nyingi hazimalizi kwa moja.

Weka hiyo kando ya Biogen. Aliyeshikilia baada ya Machi 2019 aliona kampuni ikirudi Oktoba mwaka huohuo na kusema takwimu zimechambuliwa upya na itaomba kibali. Hisa zikapanda asilimia 26 siku hiyo. Juni 7, 2021 kibali kikatoka, zikapanda asilimia 38. Januari 2024 kampuni ikatangaza kuiacha dawa hiyo. Aliyeshikilia alipata milango miwili ya kutokea, kwa sababu kampuni ilikuwa na dawa nyingine zinazoilisha wakati akingoja.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Dawa iliyofeli ndiyo pekee? Uza siku hiyo, hata kwa dola 12, isipokuwa fedha zilizo benki kwa kila hisa ni nyingi kuliko bei, maana kuna kampuni hufunga na kugawa kilichobaki. Ni moja kati ya nyingi? Una haki ya kungoja. Kuna swali la usalama wa wagonjwa? Punguza angalau nusu, na usingoje tangazo la pili.

Lengo la bei, au fungu la mali?

Hiki ndicho kigezo ninachokiamini kuliko vyote kwa mtu asiyeweza kukaa na skrini.

Moderna iliingia sokoni Desemba 2018 kwa dola 23. Mwenye lengo la "ikifika mara mbili nauza" alitoka kwenye 46. Agosti 2021 ilipita 480. Mwenye lengo la 500 alikuwa anahesabu siku, na mwaka 2025 hisa hiyo ilikuwa inauzwa chini ya dola 30. Novavax ilikuwa dola 4 hivi Januari 2020, ikapita 300 Februari 2021, ikarudi chini ya 10 mwaka 2023. Lengo la bei lilimwangusha mwenye tamaa ndogo na mwenye tamaa kubwa vilevile.

Fungu la mali linafanya hivi. Una milioni 20 kwenye uwekezaji wote, na umeamua kampuni moja ya dawa isizidi asilimia 5, yaani milioni 1. Bei ikipanda mara tatu, fungu hilo linakuwa milioni 3 kati ya 22, karibu asilimia 14. Unauza milioni 1.9, unabaki na 1.1, umerudi kwenye asilimia 5. Ikipanda tena, unauza tena. Hutawahi kuuza kileleni. Kwenye Moderna ungeuza kidogo kidogo njia nzima ya kupanda, na anguko lingekukuta umebaki na fungu dogo.

Kwenye hizo milioni 20 usihesabu shamba la mikorosho wala nyumba ya kupangisha Shangani. Hesabu unachoweza kukigeuza fedha ndani ya wiki. Nimeona mtu akijumlisha ekari zake zote za Newala ili asilimia ya hisa ionekane ndogo. Mikorosho ile haiuzwi Jumanne mchana.

Udhaifu wa kigezo hiki ni kwamba hakisemi kitu hisa inaposhuka. Huko utarudi kwenye maswali ya habari mbaya.

Fedha ikishatoka

Linganisha pia unakoipeleka, maana wengine huuza hisa moja ya dawa na kununua nyingine jioni ileile. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS unakupa fedha ndani ya siku chache za kazi. Hatifungani za serikali zinalipa zaidi lakini ni za miaka mingi. Wasiotaka riba wana sukuk, hatifungani za kufuata sharia ya Kiislamu, ambazo zimeanza kupatikana nchini.

Dola nayo ina tabia zake. Mwaka 2024 ilipita shilingi 2,700, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa karibu 2,400. Mtu aliyengoja miezi miwili hisa ipande asilimia 10 alirudi palepale kwa shilingi. Kama matumizi ni ya shilingi, hesabu kwa shilingi tangu mwanzo.

Na kodi: mkazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato yake ya popote duniani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kwa hiyo hifadhi karatasi za kununua na za kuuza. Kwa fedha unayotuma nje kununua, kanuni za fedha za kigeni zipo. Pita benki yako uulize kwanza.

Tangu Mei 28, 2024 mauzo ya hisa Marekani yanakamilika siku moja ya kazi baada ya kuuza. Kutoka kwa dalali hadi akaunti yako ya benki hapa ni safari nyingine, na inaweza kula wiki ukikuta sikukuu au benki inataka maelezo ya fedha imetoka wapi. Mwenye ada ya Januari auze mwanzoni mwa Desemba. Mwenye vibarua wa kupulizia mikorosho Juni auze Mei, kampuni iwe na tangazo au isiwe nalo.